Cheo Kisimzuie Muuguzi Kuuliza

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, anayempokea kwanza mgonjwa aliyezidiwa huwa si daktari. Ni muuguzi wa zahanati, mara nyingi akiwa peke yake zamu nzima, au afisa wa kliniki katika kituo cha afya. Kabla ya hao, mgonjwa huenda ameshaonwa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii. Daktari yuko hospitali ya kaunti ndogo. Bingwa yuko Homa Bay mjini, Migori mjini au Kisumu. Huduma ilipangwa hivyo kwa sababu nzuri, maana hakuna serikali itakayoweza kumweka bingwa wa uzazi Muhuru Bay na mwingine kisiwani Remba. Tatizo linaanza pale ngazi hiyohiyo ya vyeo inapotumika kuamua nani aingie kwenye mazungumzo ya kitaaluma na nani abaki nje.

Nazungumzia vikundi vya WhatsApp na Telegram, mihadhara ya kila wiki ya Zoom, na vikao vya kupitia vifo hospitalini. Sehemu kubwa ya kujifunza kazi ya tiba baada ya chuo imehamia humo. Picha ya eksirei hutumwa usiku na kujibiwa kabla ya alfajiri. Mwongozo mpya wa Wizara ya Afya husomwa kwenye simu wiki kadhaa kabla nakala yake haijafika zahanatini. Lakini vyumba hivi vimejengwa kwa ghorofa: cha mabingwa, cha madaktari, cha maafisa wa kliniki, cha wauguzi, cha wahudumu wa jamii. Anayeomba kuingia huulizwa kada, namba ya usajili na mwaka aliofuzu. Akikubaliwa, huenda akaambiwa asome tu. Mwaka 2018 WhatsApp iliwapa wasimamizi uwezo wa kufunga kikundi ili wao peke yao waandike, na wasimamizi wengi wamelipenda kufuli hilo.

Sipingi makufuli yote. Yako mambo ya kufungiwa, na nitayataja. Ninachokipinga ni kutumia cheo kama kipimo cha haki ya kuuliza. Kuna haki tatu ambazo vikundi hivi vinazichanganya: kusoma, kuuliza na kuamua. Uamuzi uachiwe mwenye cheo, kwa sababu yeye ndiye atakayewajibika mbele ya baraza lake la taaluma. Kusoma na kuuliza vifuate mgonjwa: aliye naye mikononi ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuliza, awe na diploma ya jana au shahada ya uzamili.

Hili si suala la heshima za watu wazima tu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.2 katika kaunti hizi mbili. Makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yaliweka vifo vya uzazi Migori kuwa 673 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na Homa Bay 583, na kaunti zote mbili zikatajwa miongoni mwa 15 zilizobeba mzigo mkubwa zaidi nchini. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wazima Homa Bay yakiwa asilimia 19.6, ya juu kuliko kaunti nyingine yoyote, na Migori asilimia 13, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.9. Na uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya akina mama vya mwaka 2014 ulipopitia mafaili 484, ulikuta zaidi ya tisa katika kila kumi ya akina mama hao walihudumiwa chini ya kiwango kinachotakiwa. Wengi hawakufa kwa sababu tiba haikujulikana. Tiba ilijulikana, ila haikufika kwa wakati mikononi mwa aliyekuwa karibu nao.

Tuseme ni saa nane usiku kwenye zahanati ya kando ya ziwa huko Nyatike. Mama wa miaka 19, mimba ya wiki 34, kichwa kinamgonga tangu jana, macho yanaona ukungu, presha 170 kwa 115. Muuguzi anajua analolitazama: kifafa cha mimba kinakaribia. Anajua pia kwamba dawa ni magnesiamu salfeti, na kwamba dozi ya kwanza inapaswa kutolewa hapo hapo kabla ya safari. Mwongozo unamwambia gramu 4 za mshipani na gramu 10 za misuli, tano kila tako. Katika dawa ya asilimia 50, gramu 1 ni mililita 2. Kwa hiyo gramu 4 ni mililita 8, anaongeza maji ya sindano mililita 12, anapata mililita 20 za asilimia 20, anazisukuma polepole. Hesabu ni nyepesi mchana. Usiku, mama akiwa anatapika na mume amesimama mlangoni akiuliza pikipiki iitwe au isiitwe, na ampuli zilizoletwa safari hii zikiwa za ujazo tofauti na zile za mwezi uliopita, hesabu hiyo inatetemesha mkono. Akikosea kwa kuzidisha, mama anaweza kuacha kupumua. Akiogopa na kuacha kabisa, mama anaweza kushikwa na degedege kabla hajafika Macalder.

Anauliza kwenye kikundi cha wauguzi wenzake, maana ndicho alichonacho. Walio macho wanamjibu, na majibu hayafanani. Mmoja anamwambia atoe dozi yote. Mwingine anasema atoe ya misuli tu. Wa tatu anamwambia asiguse, ampeleke mama hospitali kwanza. Ushauri huu wa tatu ndio wa hatari zaidi, na ndio unaosikika kuwa wa busara. Wakati huohuo, kwenye kikundi cha wataalamu wa uzazi, huenda swali lilelile lilijibiwa wiki iliyopita, kwa picha ya ampuli na hesabu iliyoandikwa kwa mkono. Jibu lipo, na simu ya kulisoma anayo mkononi, lakini yeye hayumo kwenye kikundi.

Ukimweleza haya msimamizi wa kikundi kilichofungwa, atakujibu kwa hoja, na hoja zake si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kelele. Kikundi cha WhatsApp kilikuwa na kikomo cha watu 256, mwaka 2022 kikaongezwa hadi 512 kisha 1,024, na kila aliyewahi kukaa kwenye kikundi kikubwa anajua kinachofuata: salamu za asubuhi, michango ya matanga, matangazo ya mashamba, siasa. Bingwa anayesimamia wodi, kliniki na wanafunzi hawezi kufukua swali moja la mgonjwa chini ya jumbe mia mbili. Anaondoka kimya kimya, na akishaondoka, kikundi kinabaki na maswali yasiyo na wa kuyajibu. Nimeona vikundi vikifa kwa njia hiyo, na yeyote anayetaka milango ifunguliwe bila kulijibu hili hajawafikiria mabingwa wenyewe, ambao ni wachache na wamechoka.

Ya pili ni ushauri mbovu. Mahali ambapo kila mtu anajibu, mwenye kujiamini humshinda mwenye kujua. Ya tatu ni siri ya mgonjwa, na hii ndiyo nzito kuliko zote. Nitairudia.

Ipo na sababu ya nne ambayo haisemwi, na nadhani ndiyo iliyoyazaa makufuli mengi. Vikundi vingi havikuanzishwa kwa ajili ya tiba. Tangu ugatuzi wa 2013, wahudumu wa afya walipohamishiwa chini ya kaunti, walijikuta wakipigania mishahara iliyochelewa, kupandishwa vyeo na mikataba. Madaktari wana chama chao cha KMPDU, maafisa wa kliniki wana KUCO, wauguzi wana KNUN. Madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mwaka huohuo wauguzi nao wakagoma kwa miezi. Simu ndiyo iliyokuwa ukumbi wa migomo hiyo. Hapo, kufunga mlango kwa kada ni jambo la haki kabisa: mkakati wa mgomo haujadiliwi mbele ya kila mtu. Migomo ilipoisha, watu walibaki ndani ya vyumba vilevile, na mazungumzo ya wagonjwa yakaingia humo kwa sababu ndimo watu walimo. Mlango uliowekwa kulinda maslahi ya wafanyakazi sasa unamzuia muuguzi kumuuliza bingwa. Nadhani wengi wa wanaoushikilia mlango huo hawajawahi kujiuliza uliwekwa kwa nini.

Wengine hutetea ngazi hii kwa kusema ndiyo mila yetu: mdogo hakai kikao cha wakubwa. Mila zenyewe zinasema vingine. Katika boma la Mjaluo, duol ilikuwa mahali pa mwenye boma na wazee wenzake kuota moto, kula na kuzungumza. Wavulana walikuwapo. Walisikiliza kesi za mipaka ya mashamba na mahari, na walijifunza kusema kwa kuwasikia wanaojua kusema. Ngazi ilikuwapo, tena kali, lakini mdogo alikulia ndani yake. Kikundi kilichofungwa leo kimechukua ukali wa duol kikaacha malezi yake. Upande wa Kuria nako kulikuwa na inchama, baraza la siri la wazee, na kulikuwa na iritongo, mkutano wa wazi ambapo mambo ya jamii yalijadiliwa hadharani. Wakuria hawakuweka kila jambo kwenye baraza la siri kwa sababu tu wazee ndio waliohudhuria. Walijua lipi ni la faragha na lipi ni la wote.

Lakini mila hizo pia ziliwaacha wanawake nje ya moto wa wazee, na hapo ndipo nisipotaka tuige chochote. Wauguzi wetu wengi ni wanawake. Ukiweka ukuta kati ya kada ya wauguzi na kada ya mabingwa, umeujenga pia kati ya wanawake na wanaume, hata kama hukukusudia. Soma jinsi muuguzi anavyoandika anapofanikiwa kumpata daktari kwenye simu: "Samahani daktari kwa usumbufu, najua umechoka, naomba tu kuuliza kidogo." Mistari mitatu ya kuomba radhi kabla presha ya mama haijatajwa. Anaandika hivyo kwa sababu amefundishwa, mwaka baada ya mwaka, kwamba kuuliza kwake ni kuvuka mpaka.

Historia ya taaluma yenyewe inapaswa kuwafanya madaktari wetu waione hali hii mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Chini ya ukoloni, Waafrika waliosomea udaktari Makerere walirudi Kenya wakaajiriwa kama maafisa wasaidizi, wakafanya kazi ya daktari bila jina la daktari, wakisimamiwa na Wazungu ambao baadhi yao walikuwa wageni kazini kuliko wao. Ilichukua hadi miaka ya 1950 kwa elimu yao kutambuliwa sawa. Hakuna aliyefuzu kipindi kile ambaye angekubali hoja kwamba cheo kwenye karatasi ndicho kipimo cha anachokijua mtu kuhusu mgonjwa aliye mbele yake.

Wala miaka ya kazi si kipimo cha kuaminika kwa maarifa yanayobadilika. Mwezi Mei 2018, utafiti wa Botswana ulitoa ishara kwamba dawa mpya ya dolutegravir, iliyokuwa imeanza kusambazwa Kenya, huenda ikadhuru uti wa mgongo wa mtoto mimba inapotungwa. Wizara ikawawekea wanawake wa umri wa kuzaa masharti. Mwaka uliofuata, takwimu zilipoongezeka na hatari ikaonekana kuwa ndogo kuliko ilivyohofiwa, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote. Ndani ya miezi kumi na minne hivi, jibu sahihi kwa mwanamke aliyeuliza "nibadilishe dawa au nisibadilishe?" lilibadilika mara mbili. Na aliyeulizwa swali hilo Ndhiwa au Rongo hakuwa bingwa. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya Ukimwi, au mama mshauri, yaani mwanamke anayeishi na virusi aliyeajiriwa kuwashauri wajawazito wenzake. Aliyekuwa nje ya mazungumzo kwa kipindi hicho aliendelea kutoa jibu la mwaka uliopita akidhani ni la leo. Daktari mwenye miaka 20 ya upasuaji aliye ndani ya kikundi huenda hakulihitaji jibu lile hata siku moja.

Ni katika Ukimwi, kusema kweli, ambapo eneo hili limeshaonyesha njia. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 hospitali ya Homa Bay ikawa ya kwanza ya umma nchini kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Mwanzoni ilikuwa kazi ya madaktari. Uchunguzi wa 2012 huko Ndhiwa ulipokuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba madaktari peke yao hawatatosha. Dawa zilishushwa hadi vituo vya afya na zahanati, maafisa wa kliniki na wauguzi wakaruhusiwa kuzianzisha na kuzifuatilia. Lau kada ingeachwa kuwa mlango, maelfu ya watu walio hai leo katika kaunti hizi wangekuwa wamezikwa.

Pamoja na kushusha dawa, mpango wa taifa ulijenga utaratibu wa kuuliza ambao sijui kwa nini haujaigwa kwenye fani nyingine. Upo mstari wa simu wa kitaifa uitwao Uliza, ambapo mhudumu yeyote wa afya, kutoka ngazi yoyote ya kituo, anaweza kupiga na kumuuliza mtaalamu kuhusu mgonjwa wake. Mgonjwa anapoonekana dawa zimemshinda, kituo huketi kama timu: afisa wa kliniki, muuguzi, mfamasia, mshauri nasaha, hata mgonjwa mwenza anayewasaidia wengine kumeza dawa kwa wakati. Kesi ngumu, za wagonjwa walioshindwa na dawa za hatua ya pili, hujazwa kwenye fomu ya muhtasari na kupelekwa kwa jopo la wataalamu la mkoa au la taifa, na jopo hilo ndilo huamua kama dawa za hatua ya tatu zitolewe. Tazama jinsi zile haki tatu zilivyogawanywa hapo. Kuuliza ni kwa wote. Kujadili ni kwa timu inayomjua mgonjwa. Kuamua juu ya dawa adimu na za gharama ni kwa wachache. Mlango mgumu upo, lakini umewekwa mwishoni.

Nje ya mipaka yetu, ushahidi ni wa aina hiyohiyo. Mwaka 2003 daktari wa ini Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alichoka kuona wagonjwa wa homa ya ini ya aina ya C wakisubiri miezi kumwona yeye. Akaanza kukutana kwa video kila wiki na wahudumu wa vijijini na magerezani, wakileta wagonjwa wao na kujadiliana naye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliotibiwa na wahudumu wale wa kawaida walipona kwa asilimia 58.2, na waliotibiwa kwenye kliniki ya bingwa mwenyewe kwa asilimia 57.5. Kitabibu, hakuna tofauti. Mtindo huo unaoitwa ECHO umeshafika Kenya, na vituo vyetu vingi vya Ukimwi vinaujua. Kisha mwaka 2023 ukaja utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipewa kitambaa chenye vipimo cha kukusanyia damu baada ya kujifungua, na fungu la matibabu waliloruhusiwa kulianzisha palepale damu inapofika alama, bila kusubiri. Kutokwa damu kwa kiwango kikali, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Wakunga hawakupandishwa cheo. Walipewa kipimo na ruhusa.

Sasa nirudie siri ya mgonjwa. Ndiyo hoja inayotumiwa mara nyingi kufunga milango, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Kifungu cha 46 kinasema taarifa hizo zishughulikiwe na mtoa huduma za afya au chini ya wajibu wake, au na mtu anayefungwa na sheria kutunza siri za taaluma. Hakuna mahali kinapotaja cheo. Muuguzi aliyesajiliwa anafungwa na siri sawasawa na profesa, na mhudumu wa jamii anayefanya kazi chini ya kituo anaingia chini ya wajibu wa kituo hicho. Zaidi ya hayo, picha ya uso wa mgonjwa inayorushwa kwenye kikundi cha mabingwa 300 ni uvunjaji wa siri uleule, hata wote wangekuwa na shahada tatu tatu. Ninachohofia ni kwamba vikundi vilivyofungwa kwa cheo vinajidanganya kuwa ni salama, na kwa kujidanganya huko huchapisha majina, namba za wodi na matokeo ya vipimo bila kuficha. Ulinzi wa kweli ni kuondoa jina, uso na kijiji kabla ya kutuma, na kutomtuma kabisa mgonjwa ambaye maradhi yake peke yake yanamtambulisha. Kanuni hiyo haijali nani yumo chumbani.

Kelele nazo zina dawa iliyo bora kuliko kada. Swali liwe na umbo: hali ya mgonjwa sasa, historia yake kwa ufupi, ninachodhani ni nini, ninaomba nini. Mistari minne. Wauguzi wengi wameshafundishwa mpangilio huu kwa ajili ya kukabidhiana zamu. Anayejibu awe mmoja, kwa zamu inayojulikana, na jibu lake libandikwe mahali litakapopatikana tena ili asiulizwe jambo lilelile mara kumi. Salamu na michango zipewe kikundi chake. Hapo bingwa hatakuwa na sababu ya kukimbia, kwa sababu ataitwa siku yake tu, kwa swali lililopangwa. Na ushauri mbovu utapungua, kwa kuwa atakayejibu anajulikana na ataulizwa.

Mahali pa kuliweka hili papo tayari kisheria. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi, iliyotiwa saini Oktoba 2023, inaunda mitandao ya huduma ambamo hospitali ya kaunti ndogo ni kitovu, na vituo vya afya na zahanati zinazoizunguka zimeunganishwa nayo pamoja na wahudumu wa jamii. Mazungumzo ya kitaaluma yafuate mtandao huo, yaache kufuata kada. Zahanati ya Mfangano iwe chumba kimoja na hospitali ya Mbita inayopokea wagonjwa wake kwa mashua, na bingwa wa Homa Bay awe ndani ya chumba hicho kwa zamu. Muuguzi wa Isebania awe na wenzake wa Kehancha. Watu wanaopokezana mgonjwa mmoja wawe wanazungumza kabla hajapakiwa kwenye pikipiki, siyo baada ya kufika akiwa na barua ya rufaa iliyoloa.

Wahudumu wa jamii nao wahesabiwe. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 nchi nzima, ikawapa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa za kila kaya. Taarifa hizo hupanda juu kila siku. Majibu yanayoshuka ni machache mno. Mhudumu wa Kamagambo anaweza kuandika kwamba mama fulani ana homa siku ya nne baada ya kujifungua, na asijue kamwe kama aliyesoma alifanya chochote. Huko Kamagambo Kaskazini, shirika la Lwala, lililoanzishwa na ndugu Milton na Fred Ochieng' na kufungua kliniki yake mwaka 2007, limewachukua wakunga wa jadi na kuwafanya wahudumu wa jamii wanaolipwa na kusimamiwa. Wanawake ambao mfumo rasmi uliwaona tatizo wakawa ndio wanaowaleta akina mama hospitalini. Walichokuwa wakikijua kuhusu nyumba za jirani zao hakikuwamo kwenye kikundi chochote cha wataalamu.

Idara za afya za kaunti hizi mbili zikitaka kuanza na jambo moja, zianze na vikao vya kupitia vifo vya uzazi. Taratibu za taifa zinataka kila kifo kiripotiwe ndani ya saa 24 na kupitiwa kituoni ndani ya siku saba. Kikao hicho mara nyingi hukaliwa na wakuu: msimamizi wa hospitali, daktari, muuguzi mkuu. Faili la marehemu lipo mezani, na ndani yake barua ya rufaa yenye saa, presha na dawa zilizotolewa au ambazo hazikutolewa. Aliyeiandika barua hiyo yuko kilomita 40 mbali, zahanatini, na atasikia maamuzi ya kikao kama lawama. Aitwe. Kama hana nauli, aunganishwe kwa simu. Apewe kiti mbele, asomewe yaliyomo kwenye faili, aulizwe aliona nini na alihitaji kuambiwa nini usiku ule, na majibu yake yaandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na ya daktari.